Namna ya kuandaa: huchemshwa

Fomu tuliyokuwa tunazunguka nayo vijijini ilikuwa na safu tano. Jina la mmea kwa lugha ya wenyeji. Jina la kitaalamu, ambalo lingejazwa baadaye, mtaalamu wa mimea akishauona. Sehemu inayotumika. Ugonjwa unaotibiwa. Namna ya kuandaa. Safu hiyo ya mwisho ndiyo ilikuwa nyembamba kuliko zote, upana wa vidole viwili, na karibu kila mstari tuliujaza kwa neno lile lile: huchemshwa.

Nilikuwa kijana, msaidizi wa utafiti. Kazi yangu ilikuwa kubeba vibao vya kubania mimea, magazeti ya zamani na mifuko ya sampuli, na kuandika. Siku moja katika milima ya Usambara tulifika kwa mzee mmoja aliyejulikana eneo lile kwa kutibu homa. Shikamoo babu. Marahaba wajukuu zangu, karibuni. Tukapewa vigoda, tukakaa, naye akazungumza karibu saa nzima kuhusu mti mmoja tu.

Gome lichukuliwe asubuhi, kidogo upande wa mawio na kidogo upande wa machweo, wala usizungushe panga mti mzima kwa sababu utakauka. Litwangwe siku hiyo hiyo likiwa bichi. Litiwe kwenye chungu na maji ya baridi, lilale usiku mmoja, asubuhi likamuliwe kwa kitambaa. "Usiweke motoni, mjukuu wangu. Ukiweka motoni unakunywa maji ya rangi tu." Mgonjwa anywe kikombe cha kahawa, si cha chai. Mama mjamzito asipewe kabisa.

Kwenye fomu niliandika neno moja: hulowekwa.

Tuliondoka na kilo mbili za gome. Likakaushwa kivulini wiki mbili, likasagwa, likalowekwa kwenye methanoli, kiyeyusho cha maabara, na dondoo, yaani kile kilichoyeyuka humo, likapimwa dhidi ya vimelea vya malaria. Matokeo yakawa dhaifu, mti ukafutwa kwenye orodha. Jina lake silitaji hapa, kwa kuwa mzee alituonyesha kwa masharti, na masharti yale bado nayaheshimu. Ila tangu siku ile kuna jambo ambalo halijaniacha: kile tulichokipima hakikuwa dawa ya mzee yule. Ilikuwa dawa yetu wenyewe, iliyotengenezwa kwa mti wake.

Mijadala yetu ya dawa za asili huwaka na kuzima. Mwaka 2011 nchi nzima iligeuza macho Samunge, Loliondo, kwa mchungaji aliyekuwa akigawa kikombe cha dawa. Mwaka 2020 ndege ya serikali ya Tanzania ilikwenda Antananarivo, Madagaska, kuleta kinywaji cha mmea wa atemisia kilichodaiwa kutibu korona. Kila mara tunagawanyika makundi mawili, wanaosema mitishamba ni ushirikina na wanaosema ni hazina ambayo Wazungu wanaionea wivu. Makundi yote mawili yanabishana juu ya mti. Mimi naona mti ni sehemu ndogo ya habari. Elimu ya mganga iko kwenye namna anavyouandaa, na hiyo ndiyo elimu ambayo utafiti wetu umeipa safu ya vidole viwili.

Ushahidi wa jambo hili tunaumeza kila tunapougua malaria. Vidonge vya dawa mseto vinavyotolewa zahanati, vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku tatu kwa mtu mzima, vidonge 24 kwa jumla, vina ndani yake mtoto wa kampaundi, yaani kemikali moja iliyotengwa, iitwayo atemisinini. Namna ilivyopatikana, mwanafunzi yeyote wa kemia ya mimea katika Afrika Mashariki angepaswa kuijua hatua kwa hatua.

Ilikuwa China, vita vya Vietnam vimepamba moto. Malaria ilikuwa inaangusha askari wa Vietnam ya Kaskazini, na klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa katika sehemu ile ya Asia. Tarehe 23 Mei 1967 China ilianzisha mradi wa siri uliopewa jina la tarehe hiyo, 523. Mapema mwaka 1969 akaingizwa Tu Youyou, mtafiti wa taasisi ya tiba ya Kichina mjini Beijing, akapelekwa pia kisiwani Hainan kuwaona wagonjwa kwa macho yake. Hakuanza na chupa za maabara. Alianza na wazee wa tiba na maandishi ya kale, akakusanya maelekezo ya dawa zaidi ya 2,000, akayachuja hadi 640. Timu yake ikapima kwa panya dondoo zaidi ya 380 zilizotokana na mimea ipatayo 200.

Mmea mmoja, qinghao, ndiyo atemisia ya China, ulionyesha dalili. Katika jaribio moja ulipunguza vimelea kwa asilimia 68. Wakarudia, ukashuka, mara asilimia 40, mara 12. Sisi tungeufuta, na mara nyingi tumeufuta.

Yeye alirudi kwenye maandishi. Tabibu Ge Hong, aliyeishi karne ya 4, alikuwa ameandika maelekezo mafupi kwa mtu mwenye homa za vipindi: chukua konzi moja ya qinghao, loweka kwenye vipimo viwili vya maji, kamua, kunywa maji yake yote. Tu aliyasoma tena na tena mpaka akaona kile ambacho hakimo. Hakuna moto. Dawa nyingi za Kichina huchemshwa, na timu yake ilikuwa inatumia joto kutoa dondoo. Akawaza kwamba huenda joto ndilo linaloharibu. Akabadilisha kiyeyusho, akachukua etha, ambayo huchemka kwenye nyuzi 35 tu, joto lililo chini hata ya la mwili wa binadamu. Akachukua majani, akaacha mashina. Dondoo alilopata akaligawa mafungu mawili: lenye asidi, ambalo halikuwa na nguvu na lilikuwa na sumu, akalitupa, akabaki na lile lisilo na asidi. Tarehe 4 Oktoba 1971 sampuli namba 191 iliua vimelea vyote kwa panya. Ikajaribiwa kwa nyani, nako ikaua vyote.

Nikiwafundisha vijana kisa hiki (sasa nafundisha kemia sekondari) huwa nawasimamisha hapo kidogo, kwa sababu watu wengi hukimbilia Tuzo ya Nobel ya mwaka 2015. Kati ya asilimia 12 na asilimia 100 mmea ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni maandalizi. Tabibu aliyekufa miaka zaidi ya 1,600 iliyopita alikuwa ameacha ujumbe kwenye kitenzi kimoja, kukamua, na akatokea mtu aliyekisoma kitenzi kile kama kipimo cha maabara.

Baadaye, mwaka 1972, Tu na wenzake wawili walikunywa dondoo lile wenyewe hospitalini ili kuona kama lina madhara, ndipo wakalipeleka kwa wagonjwa 21. Mwishoni mwa mwaka huo wakapata fuwele safi. Timu nyingine za Yunnan na Shandong nazo zilitenga kampaundi hiyo hiyo, na heshima ya ugunduzi huu inawahusu watu wengi kuliko jina moja linalotajwa. Umbo lake lilipojulikana miaka michache baadaye, likawashangaza wanakemia: atomi 15 za kaboni, 22 za hidrojeni, 5 za oksijeni, na katikati atomi mbili za oksijeni zimeshikana kama daraja. Kimelea cha malaria kikila himoglobini ya damu kinaacha madini ya chuma, na chuma hicho ndicho kinachovunja daraja. Linapovunjika hutoa vipande vikali vinavyomuunguza kimelea kutoka ndani.

Kuna jambo jingine katika safari ile ambalo mganga yeyote wa kwetu angelielewa haraka kuliko mimi. Qinghao ya sehemu moja ya China haikuwa na nguvu sawa na ya sehemu nyingine. Ya kandokando ya Beijing ilikuwa hafifu, ya Sichuan ikawa na nguvu. Kiini chenyewe kimejaa kwenye majani, na huwa kingi zaidi mmea unapokaribia kutoa maua. Chuma mapema, chuma mahali pengine, changanya na mashina, na matokeo yako yatakuwa ya kubahatisha. Mganga anapokwambia usichume mpaka mvua zipite, au usichukue ule wa bondeni, chukua wa mlimani, anaweza kuwa anakupa kanuni ya kemia iliyopimwa kwa miili ya watu vizazi kwa vizazi. Anaweza pia kuwa anarudia mila tu. Huwezi kujua mpaka uandike, kisha upime.

Najua kipingamizi. Watafiti wenzangu husema masharti ya waganga ni mengi mno, na mengine hayana maana yoyote katika kemia: chimba usiku, usigeuke nyuma, usimsalimie mtu njiani. Ni kweli. Lakini nani amekupa kazi ya kuchuja ukiwa bado umekaa kwenye kigoda? Kuandika sharti hakugharimu chochote. Kulipuuza kunaweza kugharimu dawa. Andika yote, kisha yachujwe maabara, ambako kila sharti linaweza kubadilishwa moja moja na tofauti ikaonekana.

Kutenga kampaundi nako si kazi ya mchana mmoja, na kuna sababu zake za kupotea njiani. Unachukua dondoo zito, jeusi, linalonata kama lami. Unalimimina juu ya safu ya kioo iliyojazwa unga mweupe wa silika, kisha unapitisha viyeyusho taratibu, ukianza na vile visivyopenda maji na kumalizia na vile vinavyoyapenda. Matone yanashuka, unayapokea kwenye chupa ndogo zenye namba, moja hadi mia na zaidi. Ukidondoshea kila moja kwenye bamba na kulitazama chini ya taa ya urujuanimno, madoa yanajitokeza: hili la njano, hili la samawati, hili halionekani mpaka ulipulizie asidi na kulipasha moto. Chupa zenye madoa yanayofanana unaziunganisha, unazipima tena dhidi ya kimelea, unafuata nguvu inakokwenda. Fungu lenye nguvu unaligawa tena, na tena, mpaka ubaki na doa moja.

Mara nyingi nguvu inapotea katikati. Dondoo lote liliua vimelea, mafungu yake kumi hayaui hata moja. Huenda kampaundi imevunjika juu ya silika. Huenda kampaundi mbili zilikuwa zinasaidiana na wewe umezitenganisha. Au unafika mwisho baada ya miezi minane, unapeleka fuwele zako kwenye mashine ya kusoma umbo, na jibu linarudi beta-sitosteroli, ambayo imo karibu kwenye kila mmea, hata kwenye mafuta ya kupikia. Nimemwona mwanafunzi wa uzamili akikaa chini sakafuni baada ya jibu hilo. Hakulia, alikaa tu, amekunja magoti, chupa yake ndogo mkononi.

Hapo ndipo wengi wanasema basi, tuache kutenga, mmea mzima ndio bora, Mungu aliuweka ulivyo. Nawaelewa, na kweli iko mimea ambayo nguvu yake inatokana na vitu vingi vikifanya kazi pamoja. Lakini atemisia yenyewe inatufundisha kwa nini hatuwezi kuishia kwenye mmea mzima bila kupima.

Atemisinini haipendi maji. Chai ya majani ya atemisia, gramu 9 kwa lita moja ya maji yaliyochemka, ilipopimwa ilikutwa na miligramu kama 94, chini ya sehemu moja ya tano ya dozi ya kawaida ya atemisinini kwa siku. Maandalizi mengine ya chai hiyo hiyo yametoa kidogo zaidi ya hapo. Halafu kuna jaribio lililofanyika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2004. Wagonjwa 132 wa malaria isiyo kali, wengine wakapewa chai ya atemisia kwa siku saba, wengine kwinini. Siku ya saba, asilimia 74 ya waliokunywa chai hawakuwa na vimelea, dhidi ya 91 ya waliokunywa kwinini.

Asilimia 74 si kidogo. Mtu aliyekuwa anatetemeka kwa homa akaamka mzima, akarudi shambani, anatoa ushuhuda kanisani au msikitini, naye hasemi uongo hata neno moja. Lakini watafiti walisubiri. Katika wiki zilizofuata, hadi siku ya 28, vimelea vilirudi kwa wengi wa waliokunywa chai. Atemisinini hutoka mwilini ndani ya saa chache tu, inapiga kwa nguvu na kuondoka, na vimelea vilivyosalia vinazaliana upya. Ndiyo sababu kidonge cha zahanati kimeunganishwa na lumefantrini, inayobaki mwilini siku kadhaa kumalizia waliojificha, na ndiyo sababu kinaitwa mseto. Ushuhuda huwa unaishia siku ya saba. Dawa inahukumiwa siku ya 28.

Shirika la Afya Duniani halikubali chai wala unga wa atemisia kwa kutibu malaria, na watu wengi Afrika wameuchukulia msimamo huo kama dharau. Mimi sioni dharau, naona hesabu. Mwaka 2020 watafiti waliripoti Rwanda vimelea vyenye mabadiliko ya jeni yanayovifanya vikawie kufa kwa dawa za jamii ya atemisinini. Mwaka 2021 vikaripotiwa kaskazini mwa Uganda, na baadaye vikaonekana Kagera. Wenye umri wangu tunaikumbuka klorokwini, ile iliyowasha mwili usiku kucha, na namna ilivyofika mahali ikawa haiponyi tena. Tanzania Bara iliiacha mwaka 2001, ikachukua SP (salfadoksini na pirimethamini), nayo haikudumu, ikaingia dawa mseto mwishoni mwa 2006. Zanzibar walikuwa wameshatangulia tangu 2003. Dozi pungufu ni darasa kwa kimelea, na darasa hilo hatuna uwezo wa kulifadhili kwa mara ya tatu.

Sasa nirudi kwenye chungu cha maji ya baridi. Mwaka 2010 watafiti nchini Uingereza walichapisha kazi ambayo naipenda sana. Walichukua maelekezo ya kale ya Kichina wakayafuata kama yalivyoandikwa, wakatumia mmea mbichi, wakautwanga, wakaukamua. Juisi waliyopata ilikuwa na atemisinini hadi mara 20 ya ile ya chai. Sisemi watu waanze kukamua atemisia nyumbani, maana tatizo la siku ya 28 na la usugu liko pale pale. Ninachosema ni kwamba mtu anayechemsha majani makavu na kusema anafuata tiba ya kale, hafuati tiba ya kale wala ya sasa. Amelichukua jina la mmea na kuiacha elimu.

Na jina lenyewe ni mtego. Katika milima yetu kuna pakanga, ndugu wa atemisia ya China, harufu kali, jani limekatikakatika kama nyoya. Kwa lugha yetu ni pakanga ile ile ya Kitabu cha Ufunuo, nyota iliyoanguka ikafanya maji kuwa machungu. Wanakemia wameipima: ile ya milima ya Afrika haina atemisinini ya maana, ingawa ina vitu vyake vingine ambavyo watu wameitumia kwavyo miaka mingi. Sokoni nimekuta majani yanauzwa kwa jina moja la atemisia, na mwuzaji, mama mwenye heshima zake, hakuwa na namna ya kujua ni ipi. Nilipomuuliza alinijibu, "Mwanangu, mimi nimeletewa." Sampuli iliyobanwa kwenye gazeti na kuhifadhiwa kwenye kabati la mimea ndiyo pekee inayoweza kusema ni mmea upi hasa ulipimwa. Ni kazi inayochosha na haionekani kwenye televisheni, lakini bila hiyo kila matokeo yanaelea.

Vyombo tunavyo. Muhimbili kumekuwa na kitengo cha utafiti wa tiba asili tangu mwaka 1974, leo ni taasisi kamili ya chuo kikuu. Kenya wana KEMRI, taasisi yao ya utafiti wa tiba. Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002 na baraza lake. Wataalamu wanaojua kutenga na kusoma kampaundi wapo, nimefanya kazi chini yao. Shida ni pale fedha zinapokoma. Tasnifu nyingi nilizosoma zinaishia kwenye dondoo ghafi na kipimo cha kamba wadogo wa maji ya chumvi, kipimo ambacho nakiheshimu kwa sababu ni nafuu. Unanunua mayai yao, yale wanayolishwa samaki wa mapambo, unayaangua kwa maji ya bahari, unaweka vibuu kumi kumi kwenye chupa zenye dondoo, baada ya saa 24 unahesabu walio hai kwa kioo cha kukuzia. Kwa fedha kidogo unajua kama dondoo lina sumu. Lakini hujui kama linaponya, hujui kiini chake, hujui ini la mtu litasemaje baada ya mwezi. Kipimo hicho kiliwekwa kiwe mlango wa kuingilia, nasi tumekigeuza kuwa kituo cha mwisho.

Ningekuwa na kauli kwa wanaogawa fedha za utafiti, ningeomba wapunguze miti. Badala ya kupima mimea 60 kwa dondoo moja la methanoli, chukua sita. Kwa kila mmoja andaa dawa kama mganga anavyoiandaa, mbichi ikiwa ni mbichi, baridi ikiwa ni baridi, kwa chungu kile kile na muda ule ule, na pembeni uweke dondoo la kawaida la maabara kwa kulinganisha. Fuata ile yenye nguvu mpaka kwenye kampaundi, kisha kwa wanyama, kisha kwa watu, hadi siku ya 28. Itachukua miaka, na machapisho yatakuwa machache. Nadhani hiyo ndiyo sababu hatufanyi hivyo: mtafiti anapandishwa cheo kwa idadi ya machapisho, na orodha ya mimea 60 huzaa machapisho haraka.

Kuna pia haki ya mzee. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa mwaka 2010, inasema wenye elimu asilia lazima waridhie na wapate sehemu ya faida. Tunajua kilichotokea kusini mwa Afrika. Watu wa jamii ya San walikuwa wakitafuna mmea wa hoodia kukata njaa safarini. Taasisi ya utafiti ya Afrika Kusini ikatenga kiini chake na kukichukulia hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki ugunduzi, bila kuwauliza, na mkataba wa kugawana faida ukaja mwaka 2003, baada ya kelele. Lakini haki hiyo inahitaji ushahidi. Kama kwenye kumbukumbu za utafiti mchango wa mzee ni neno moja, "huchemshwa" au "hulowekwa", siku dawa ikipatikana wakili yeyote atasema mti ulikuwa porini, mtu yeyote angeuona. Ukurasa mzima wenye saa, chungu, kitambaa na kikombe cha kahawa, umesomwa mbele yake akaridhia, ndio hati yake ya umiliki. Kuandika vizuri kunampa mtafiti kipimo chake na kunampa mzee stahili yake kwa kalamu moja.

Nilirudi Usambara miaka michache baadaye nikiwa na mtafiti mwingine, mama mmoja ambaye alikuwa radhi kunisikiliza. Mzee alikuwa amepungua, anatembea kwa fimbo, lakini alinikumbuka. Akauliza, "Mliuona?" Nikamwambia hatukuuona, babu, matokeo yalikuwa hafifu. Akanyamaza, kisha akauliza tuliuandaaje. Nikamweleza: tulikausha wiki mbili, tukasaga. Hakunilaumu. Alimwita kijana wake, akamwelekeza alete gome, upande wa mawio kidogo na upande wa machweo kidogo. Tukalitwanga pale pale uani, tukalitia maji ya baridi kwenye chungu, tukalala. Alfajiri alilikamua mwenyewe kwa kipande cha kaniki, mikono inatetemeka, maji yakatoka mazito, ya rangi ya kahawia nyepesi, na harufu ambayo methanoli haikuwahi kutupa.

Tulijaza chupa mbili, tukaziweka kwenye boksi la barafu, tukashuka nazo Dar es Salaam usiku huo. Ya kwanza ilianza kugawanywa. Kabla ya mafungu kufika kwenye kipimo cha vimelea mradi ukafika tarehe yake ya mwisho, na fedha za awamu ya pili hazikutoka. Ya pili imo kwenye friji ya kugandisha, rafu ya chini, imeandikwa kwa kalamu nyeusi tarehe, saa, kijiji, na maneno ambayo safari hii niliyaandika yote: gome bichi, limetwangwa siku hiyo hiyo, maji baridi, usiku mmoja, limekamuliwa kwa kitambaa, halikuwekwa motoni.